Safu ya Nane

Mtunza kumbukumbu, mama Kasubi, ananiwekea daftari mezani
kama mtu anayelaza mtoto aliyekwisha sinzia.
"Usilambe kidole," anasema. "Karatasi hizi
zimeshakunywa mate ya kutosha."
Nje, juu ya mawe ya Mwanza, pimbi wanaota jua.
Nina saa mbili, penseli na jina moja.

Ng'wandu Luhende simpati.
Napanda kurasa, nashuka. Mwaka ule
watu walikufa kwa mwandiko mzuri.
Kisha nakumbuka: karani alikuwa mtu wa pwani,
ulimi wake haukuwa na mlango wa kupitisha ng'w.
Namtafuta kwa sikio badala ya jicho,
nasoma chini chini kama mwizi,
na hapo, mstari wa kumi na tisa:
Mwandu bin Ruende.
Hata hiyo "bin" kapewa bure, kanzu ya kuazima
juu ya mtu asiyeweza tena kuivua.

Kwetu hadithi yake ni fupi: ziwa lilimla.
Mtumbwi, upepo wa Kayenze, basi.
Ndiyo maana samaki hakuingia chungu chetu,
utamlaje aliyemla babu?
Ndiyo maana mama, kwenda kumzika dada yake Geita,
alikikataa kivuko cha Busisi,
akazunguka kwa basi, Shinyanga, Kahama,
akafika udongo wa kaburi umeshapasuka nyufa.

Umri: yapata thelathini.
Yapata, yaani hakuna aliyejua.
Humu umri wote unaishia na sifuri,
utadhani wazee wetu walizaliwa kumi kumi.
Kazi: mpagazi.
Sababu: homa.
Homa, homa, homa, ukurasa mzima homa,
blanketi moja la wodi nzima,
kajifunika wa mbu, kajifunika wa ndui,
kajifunika na aliyepigwa.
Nusura nifunge daftari.

Safu ya nane, muda wa ugonjwa:
miezi mitano.

Hakuna anayezama miezi mitano.

Mama Kasubi anavua miwani, anainama.
Kasoma vifo miaka ishirini na sita,
anavichambua kama dagaa wenye mchanga.
"Homa ndefu hivi, mwaka huo, upande huo,
ningesema malale. Siapi. Karani hakuwa daktari.
Na tarehe hii si ya kufa, ni ya kuandikwa.
Katikati kuna njia ya miguu."

Malale. Kusinzia uji ukiwa mdomoni,
kuwakemea watoto usiku kucha, mchana kuwasahau.
Nani angeposa binti katika nyumba yenye usingizi ule?
Maji yalikuwa karibu, hayana mdomo wa kukana.
Wakayatwisha.

Safu ya mwisho, aliyeleta habari:
Minza, mke. Alikuwepo.
Na mahali pa sahihi, alama yake,
vijiti viwili vilivyokutana vibaya,
cha pili kimekatika katikati,
wino umetuama pale kalamu ilipogoma,
au mkono.
Nauwekea kidole. Kikavu.
Kumbe ni wewe uliyetutungia ziwa.
Ulitembea siku nne, pengine tano,
kusema kweli mara moja tu, mbele ya mgeni,
kisha ukarudi nyumbani
ukadanganya hadi ukafa.
Na kifo chako, bibi, kiko daftari gani?

Mama Kasubi anagonga saa yake kwa ukucha.

Jioni niko Mwaloni, Kirumba, na sato ndani ya mfuko,
mkia unachungulia.
Nampigia mama. Nataka kuanza na Ng'wandu,
najikuta nauliza sato hukaangwa dakika ngapi.
Simu inanyamaza. Nasikia redio yake,
nasikia kuku wake.
"Mimi nitajuaje?" anasema.
Kisha, baada ya muda: "Mkubwa kiasi gani?"