Hesabu Nyuma ya Daftari

Nimeandika nyuma ya daftari la Minza, ukurasa uliobaki,
kwa kalamu inayokohoa wino:
mchele kilo mbili. Mafuta ya kupima.
Vitunguu vitatu, si vinne.
Mkaa kopo moja, na Mungu aubariki usiishe.
Soda moja.
Nikaifuta.
Nikaiandika tena.

Baba yao yuko Geita; duara lake halijatema.
Ametuma elfu kumi na tano na maneno mawili: Nisamehe, mama.
Salio lilitosha meseji moja.
Nikajibu: Zimefika.
Atajua mwenyewe ni zipi, pesa au samahani.

Alfajiri nikashuka ngazi za mawe, Igogo ikipiga miayo,
miamba imelala juu ya mapaa kama ng'ombe walioshiba,
na ziwa kule chini halijakunja shuka lake la kijivu.
Nikakata mji hadi Mwaloni.
Minofu ya sangara ilishapanda ndege;
sisi tumeachiwa mapanki:
kichwa, mgongo, na kile kinachong'ang'ania mfupa.
Nikapekua, nikapindua, nikapata panki lenye shavu nene.
Muuzaji akacheka, "Mama Minza, leo unachagua kama mchumba!"
Leo ni leo, nikamwambia,
asemaye kesho hatakuta shavu.

Nyuma ya nyumba kuna mwamba uliopasuka
kabla mtu yeyote hajauita mji huu mji.
Watoto wametandika humo mabua ya mpunga,
Maria wa gunzi,
Yosefu wa gunzi, kofia yake kizibo cha soda ya zamani,
na mtoto (hapo walibishana hadi giza)
kiazi kitamu, kidogo,
kimeviringishwa kipande cha kanga yangu.
Wenye nacho hununua pango la karatasi.
Sisi tunaishi pangoni;
kazi ilikuwa kufagia tu.

Gauni la Minza ni lile lile.
Usiku nimefumua pindo kwa mwanga wa koroboi,
nimelishusha vidole vinne.
Umebaki mstari wa buluu iliyokolea, pale jua halikufika.
"Watauona," akasema.
Wauone.
Mwaka jana uliishia pale, mwanangu.
Mwaka huu uko hapa.

Lakini kabatini kuna sahani ya maua, na si yetu.
Iko tangu Idi, ilipokuja na pilau ya Bi Zuhura,
nyama zikichungulia kama watoto dirishani.
Sahani ya watu hairudi tupu.
Nikapakua wali. Juu yake nikalaza shavu la sangara,
shavu lenyewe, lile lile.
Shija akanitazama kama mtu aliyeibiwa mchana.
"Na sisi?"
Sisi tuna mchuzi, nikasema,
na yote aliyoyajua shavu, mchuzi umeyasikia.

Kizibo cha soda kilipinda kilipofunguliwa,
tukamwazima Yosefu kofia.
Tukagawa, kizibo kwa kizibo, watoto wanne,
Kulwa hakimu, Doto akikata rufaa,
Shija akilamba kidole ili hesabu isipotee.
Ilichukua karibu saa nzima.
Sijapata kuona soda ndefu namna ile.
Hata Januari, iliyosimama mlangoni na michango yake ya shule,
nadhani ilisahau kubisha.

Jioni aliyebisha alikuwa mjukuu wa Bi Zuhura.
Mkononi, sahani ya maua.
Ndani, ndimu nne, karanga,
na tende alizoficha sijui tangu lini.
"Bibi anasema ninyi mmeichelewesha mno,
yeye hawezi kulala nayo hata usiku mmoja."

Tukala karanga mwambani, karibu na kiazi,
taa za mitumbwi ya dagaa zikiwaka moja moja ziwani.
Kisha nikachukua daftari.
Chini ya soda nikaandika:
sahani ya Bi Zuhura. Deni.

Hilo sikulifuta.