Kibandiko cha Njano

Mashine ya mtihani imempa Lucien Daigle
mbili nukta nne,
yaani darasa la pili na ushei.
Lucien ana miaka kumi na miwili,
ndevu za kwanza zinapiga hodi juu ya mdomo,
na shule ikifungwa kwa mavuno ya viazi
huendesha trekta la babu yake kwa mistari iliyonyooka
kuliko yoyote ya daftarini mwake.

Mimi ndiye mwenye vibandiko.
Njano kwa wanaoanza, kisha kijani, kisha buluu,
nyekundu kwa waliokwisha kuota mbawa.
Nilivibandika mwenyewe kiangazi kizima,
nikijisifu kwamba sasa kila mtoto
ataijua rafu yake kama anavyojua namba ya kiatu.
Nikasahau kwamba namba ya kiatu
hukanyagwa, haionekani na wenzako ndani ya basi.

Rafu ya njano ina nini?
Ina sungura aliyepoteza kofia.
Ina bata. Bata wengi mno.
Ina jua lenye meno, linacheka bila sababu.
Nilitafuta, haki ya Mungu. Nilipiga simu Bangor:
mna kitabu chenye maneno mafupi
na mtu mrefu ndani yake?
Sentensi nyepesi, lakini baba asirudi?
Barafu ipasuke, silabi zisizidi tatu?
Mtu wa upande wa pili akacheka, akanyamaza,
kisha akasema: ndicho nikitafutacho nami,
mwaka wa sita huu.

Novemba, nikihesabu vitabu,
nikamkuta bata amevaa nyekundu.
Kurasa ishirini na nne, picha kila ukurasa,
na mgongoni kibandiko cha wakubwa.
Rafu ya pili, lile buku la nyangumi, zito kama tofali,
limeachiwa njano.
Kazi safi ya ukucha, karatasi haikuchanika:
kazi ya mtu aliyezoea kumenya
asipoteze nyama.

Sikusema.
Aibu iliyoazima nguo haivuliwi hadharani.
Ijumaa hiyo nilibaki, theluji ikishuka uwanja wa hoki,
nikachemsha maji kwenye birika la walimu,
nikavipitisha vitabu juu ya mvuke
na kubandua, kubandua, mpaka vidole vikanata.
Bi Thibodeau, mkuu wa shule, atauliza.
Aulize.

Nikampa chembamba, kisicho na rangi mgongoni:
ndugu wawili, ziwa lililoganda, injini iliyokufa.
Hakushukuru.
Jumatatu kikarudi kimya ndani ya sanduku,
alama ya gumba lenye grisi, ukurasa wa kumi na moja.
Nikakitumbukiza tena mkobani mwake.
Ukurasa wa kumi na tisa.
Krismasi ikapita.
Thelathini na nane, na chembe za biskuti.

Februari akaja mwenyewe, jino la mbele limeliwa na hoki,
akakibwaga mezani kwangu.
"Kinadanganya."
Nini?
"Hiki. Arobaini na mbili. Hakuna mtu
anayewasha dizeli hivyo kwenye baridi ile.
Unaipasha moto kwanza. Aliyeandika hajui."

Nionyeshe, nikasema. Nisomee hapo.

Akasoma. Kidole chini ya mstari,
akakwama kwenye *hatimaye*,
akarudi nyuma, akakanyaga upya
kama anayelijaribu ziwa kwa kisigino,
akavuka.
Alikuwa na hasira tele,
wala sikuona rafu ya kuiweka hasira ile.

Machi mashine ikampima tena.
Mbili nukta tisa.
Nimeiandika kwenye fomu kwa penseli.

Sasa anataka kingine,
"lakini mwandishi awe amewahi kushika spana."
Bangor hawajapiga.
Nimekaa na katalogi tatu na chai iliyopoa,
nasoma wasifu wa waandishi mmoja mmoja,
nikitazama picha zao,
nikitazama mikono.