Tarehe ya Kuzaliwa

Tuliwatoa chini ya mtambo wa kiyoyozi,
nyuma ya nyumba, Mabela, mwezi wa Agosti,
ukuta unatoa moto kama tanuri la mkate.
Wawili. Macho yamegandana tongotongo.
Mama yao hatukumwona tena
tangu gari la taka lilipopita Jumatatu.

Mwanangu Qusay akamwita mmoja Beisa,
kwa udogo wake, na kwa shaba ya mgongoni.
Wa pili, mama alimgeuza kiganjani, akasema,
"Huyu hata paka hajawa. Huyu nusu."
Basi likabaki hilo.

Wiki nzima tukiwaosha macho kwa maji vuguvugu,
kisha tukawatia katika katoni ya tende, twende.
Kliniki iko baina ya fundi matairi na duka la asali.
Daktari Shobhana, mtu wa Kerala,
ana Kiarabu chake, nami nina changu,
tukaelewana kama watu wanaoulizana njia.
Beisa mizanini: gramu mia saba na kumi.
Nusu: mia tano, pamoja na mkia.
Akamfinya ngozi ya shingo, kidogo tu,
sindano ikaingia, ikatoka,
na Nusu akanitazama mimi, si daktari,
kana kwamba mkono ulikuwa wangu.

"Mrudi baada ya wiki nne.
Ya kichaa cha mbwa itafuata.
Maziwa ya ng'ombe msiwape, yatawaharisha.
Na chumba kimoja kwanza. Kimoja tu.
Nyumba nzima ni kubwa mno
kwa asiyejua mlango uko wapi."

Akafungua kijitabu cha buluu.
Jina. Rangi. Jike au dume. Tarehe ya kuzaliwa.
Hapo nikanyamaza.
Akamfunua Beisa mdomo, akakagua meno,
akatazama kalenda ukutani,
akaandika: kumi na nne, Juni.
Hivyo hivyo. Kwa meno.

Garini mama alikuwa bado na riali zake kumi na mbili.
"Kumi na mbili! Mie nilichanjwa bure,
Chake Chake, foleni mpaka nje ya uzio,
tunalia kwa zamu."
Akapandisha mkono wa gauni, kovu lile,
duara, limejikunja katikati
kama kifungo kilichoshonwa na fundi mwenye haraka.
Kisha akataka kujua kitabuni mmeandikwa nini.
Nikamsomea.
Akacheka mpaka akapaliwa.

Maana mama ni wa tarehe mosi Januari,
kama shangazi Muhayra, kama jirani Bi Shinuna,
kama sijui wangapi wa rika lao mtaani kwetu.
Karani wa pasi, mwaka ule waliposhuka Maskati,
alimtazama uso, akatazama saa,
akaandika.
Wala hakumfungua mdomo.

Tukawaweka chumba cha kufulia,
sanduku la mchanga pembeni, bakuli la maji,
jodari wa kuchemsha asiye na chumvi.
Wakapotelea nyuma ya mashine.
Qusay akalala kifudifudi, mkono umenyooshwa, anawavuta.
"Waache," mama akamwambia.
"Mie Ruwi nilikaa miezi mitatu chumba kimoja,
pazia limeshushwa, Kiarabu sikijui,
mlango ukigongwa nakimbilia jikoni.
Babu yako hakunivuta.
Aliniwashia redio, akenda zake kazini."

Akaleta redio yake.
Akaiweka juu ya mashine, sauti ya chini,
mtu anasoma bei za samaki wa Sib,
akakaa kwenye kigoda, anachambua mchele,
hamsemeshi mtu.

Siku ya nne Nusu akatoka.
Akapiga chafya kwa moshi wa ubani,
akazunguka kigoda mara mbili,
akalala juu ya kandambili ya mama, ya kushoto,
naye akaswali adhuhuri mguu mmoja umechelewa
kwa kuogopa kumwamsha.

Kesho tunarudi kwa sindano ya pili.
Mama ameshavaa tangu leo usiku, anasema atakuja.
Ana swali kwa daktari:
kama na ya bandia pia anaweza kuyasoma.