Mia Nne na Hamsini

Kiganjani nina kimashine cha kuhesabia,
kidogo kama konokono, chuma, kimeliwa na chumvi.
Kila mguu unaoshuka gatini: tik.
Mia nne na hamsini kwa siku, basi.
Anayefuata, hata akiwa askofu, hashuki.

Nyasi za matuta hazimjui askofu.
Zimeshika mchanga kwa mizizi myembamba kama uzi wa kushonea,
na kiatu kimoja kikikata njia ya mkato kwenda ufukweni,
upepo wa Desemba hupita humo humo
ukalizoa tuta zima.
Nimeliona hilo. Nilikuwa na miaka tisa.

Leo, boti ya pili kutoka Vigo,
mzee Amaro Lourido kashuka nusu hatua:
mguu mmoja ngazini, mmoja hewani,
kofia mkononi kama aliyechelewa misa.
Hana kibali. Hakujua kibali huombwa kwa kompyuta.
"Binti, mimi si mgeni.
Mama alinizaa jikoni, kule nyuma ya mnara wa taa,
nyumba yenye mtini mlangoni."

Kimashine kilisoma mia nne arobaini na tisa.
Nyuma yake kijana mwenye miwani ya jua
ameinua kibali chake juu, anaguna.

Ningesema nini? Sheria ni msumeno?
Msumeno una mpini, na mpini ninao mimi.

Nikamwambia kweli:
njia ya mnarani imefungwa, huu mwaka wa tatu.
Minandi wanaatamia huko, jozi kumi na moja,
mwaka juzi zilikuwa nne.
Huo mtini hata mimi sijauona.

Akanyamaza. Maji yakapiga ubavu wa boti.
Kisha akauliza, bila hasira:
"Wanalala jikoni?"
"Jikoni," nikajibu.
(Sijui. Nilikisia.)

Akaurudisha mguu.
Kijana akapita. Tik.
Mzee akakaa upande wa kivuli, akavaa kofia,
akafungua mkate na jibini,
akala taratibu akikitazama kilima
mpaka nahodha alipofungua kamba.

Jioni nikaandika daftarini:
walioshuka, mia nne na hamsini,
waliopanda kurudi, mia nne na hamsini.
Hesabu imekaa sawa.
Ila kidole gumba hakijaacha kubonyeza,
tik, hewani,
mtu mmoja ambaye sijui nimwandike wapi,
safu ya wageni
au ile ya minandi.