Mgeni wa Nyuma ya Mashine

Katika kituo cha wanyama ng'ambo ya mto Daugava,
kibanda namba arobaini na moja,
hakuja mbele. Wenzake walikuja:
walijisugua kwenye wavu, walilia, walijipendekeza
kama wachuuzi waliomwona mteja mwenye haraka.
Yeye alikuwa mgongo tu,
na sikio la kushoto lililokatika ncha.

"Ana miaka tisa," alisema Dzintra, mwenye funguo.
"Bibi yake alifia nyumbani, majirani wakajua siku ya nne.
Jina la huyu alikwenda nalo.
Watu huja, humtazama, kisha huchukua vitoto."
Nikauliza, ana tabia gani?
Dzintra akafikiri.
"Ana tabia ya kutokuwepo."

Nikatia sahihi.

Mimi huchonga meno ya watu nisiowajua,
nina miaka hamsini na sita, naishi ghorofa ya nne,
na hakuna aliyewahi kunikimbilia.

Kikapu kilipofunguka alipita kama moshi
hadi nyuma ya mashine ya kufulia. Akahamia huko.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe:
ya tatu nilimpa dagaa wa kopo,
ya kumi nilimpa dagaa,
ya ishirini nikawa nafua mashati kwa mkono, kwenye beseni,
ili mtambo ule usimngurumie kichwani.
Kila asubuhi bakuli lilikuwa limelambwa likang'aa.
Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yetu.

Dada yangu Biruta akapiga simu kutoka Liepaja:
"Yaani umelipia kitu kisichoonekana?"
Nikamjibu, hata ndoa yangu niliilipia hivyo hivyo.
Yeye hakucheka.
Mimi nilicheka, kwa sauti ya chini, nisimshtue mtu.

Usiku mmoja wa Januari nilirudi nimechoka,
viatu vimejaa unga wa plasta wa kazini.
Nikaviacha mlangoni. Sikufagia.
Alfajiri nikakuta nyayo.
Ndogo, nyeupe, zimeanzia pale pale kwenye viatu,
zimepita jikoni, zimezunguka kiti changu mara mbili,
zikaja, zikififia, hadi mlangoni pa chumba ninamolala.
Hapo mbili za mbele zilikuwa sambamba,
na nyuma yake, mfagio mwembamba wa mkia.
Alikaa. Akanitazama nikikoroma.
Kwa muda gani, sijui.

Kazini napima kila kitu kwa sehemu ya milimita.
Kwa hili sikuwa na rula.
Siku nne sikupiga deki,
nilikuwa navuka ukumbi kwa kuruka,
mwanamke mzima, na soksi za sufu.

Sasa ni Machi, barafu ya mto inapasuka.
Mkono wangu bado haujamgusa.
Hukaa ukingoni mwa zulia akiwa amenipa mgongo,
nami kila jioni, nikimenya viazi,
namjaribishia jina moja la kibibi:
Austra. Milda. Zenta. Hermīne.
Mgongo.
Jana nikasema, bila hata kuinua macho, Rasma,
na lile sikio bovu likageuka.

Huenda alisikia nzi.
Ila huku kwetu, mwezi Machi, hakuna nzi.