Meno ya Maji ya Chai

Kibandani kwangu, mkabala na soko la Kilombero,
nauza vioo vya simu, chaja, taa za duara za wapiga picha,
na fremu moja ya umeme iliyokaa rafuni tangu Pasaka
ikionyesha familia ya Wazungu wasiochoka kucheka.

Juzi akaingia Mama Elirehema wa Maji ya Chai,
viatu vina tope la mgombani,
akainyooshea fremu kidole:
"Hawa waliomo ndani, wanatoka?"
Nikamwambia wanatoka. Akauliza bei,
akapunguza, akapunguza tena, akaketi.

Kisha akafungua leso kama afunguaye kidonda
akatoa picha ya pasipoti,
ya kitambulisho cha ushirika wa kahawa.
Kutu ya pini imemtoboa mumewe kwenye kola,
kona moja imeliwa na mende.
"Kanaeli. Hakupenda kupigwa picha. Ni hii tu."

Mimi ni fundi. Nikaona kazi.
Nikaipiga kwa simu, nikaitia kwenye programu,
nikafuta kutu, nikashona kona,
shati nikalipa bluu bila kumuuliza mtu.
Kitufe kimoja, ngozi ikalainika kama ya kichanga.
Cha pili, macho yakapepesa.
Cha tatu (hiki huwa nakitoza elfu tano zaidi)
marehemu akafumbua mdomo, akatabasamu,
meno meupe pee, kama sembe ya dukani.

Nikamgeuzia fremu, nikasubiri.
Wengi hulia hapo;
nimeweka karatasi laini kwa ajili hiyo.

Hakulia. Alivaa miwani, akaivua, akaivaa,
akasogea kama anayekagua risiti.
"Huyu ni nani?"
"Mzee wako, mama."
"Mzee wangu kazaliwa Maji ya Chai,
kaunywa ule mto tangu alipoachishwa ziwa.
Meno yake yalikuwa rangi ya magome.
Ndiyo maana hakucheka mbele ya kamera,
wala mbele ya mchungaji siku ya ndoa.
Alinichekea mimi,
jikoni, koroboi imezimwa.
Wewe umeyaona wapi?"

Nikafumba mdomo.
Mimi pia ni mtoto wa maji yale.
Picha zangu zote, tangu nipate simu ya kwanza,
meno nimeyapitisha kwenye kitufe hichohicho,
hata siku hizi asubuhi, na mswaki mkononi,
nakitazama kioo kama nimekosea nyumba.

Nikarudi kinyumenyume.
Nikamvua tabasamu, nikayatuliza macho,
nikamrudishia makunyanzi moja moja
kama mtu anayehesabu chenji.
Bluu ikatoka.
"Na kutu je?"
"Iache. Pini ile niliibana mwenyewe,
mwaka tuliolipwa kahawa mara ya mwisho."

Basi yumo, mdomo kaufumba,
kati ya wajukuu wa Dodoma na ndama aliyezaliwa Januari.
Kila sekunde kumi zamu inasogea,
anafika, anatazama, anapisha wengine.
Nilitaka kumwekea Mlima Meru nyuma yake, bure.
Mama akasema mlima anao dirishani, asante.

Mlangoni akageuka.
"Usiku inazimwaje?"
Nikamwonyesha kitufe cha ubavuni.
"Hakuzoea kulala na mwanga."
Akaifunga fremu kwenye khanga,
uso ukielekea kifuani kwake,
akavuka barabara bila haraka, bodaboda wakimpigia honi.

Ile elfu tano ya tabasamu sikuidai.

Jioni, kabla sijashusha bati la kibanda,
niliwasha taa moja ya duara, ya kuuza,
nikajipiga picha, mdomo wazi.
Bado imo kwenye simu.
Sijaigusa.