Miiba Miwili

Barabara ilikatika Machi, kama desturi yake,
Rufiji ikakikalia kivuko kama kuku anayeatamia.
Dar walikwishasoma Toleo la Mia.
Sisi Newala tulikuwa tisini na tisa bado,
Nungunungu ananing'inia kwa mkono mmoja
juu ya tangi la mafuta, na chini yake: Itaendelea.

Kwetu aliishi wiki saba zaidi.

Tulimfuata miaka minane, mimi na kaka yangu Mfaume,
tangu alipotoka gerezani na miiba mia tatu mgongoni
na sauti ikamwambia gizani:
"Ukichomoa mmoja haurudi. Hesabu."
Yeye hakuhesabu. Alihesabu Mfaume,
kwenye daftari la mraba, wino wa bluu,
mitano mitano, na pembeni jina la aliyechomwa:
mlanguzi wa sukari,
mwizi wa nyaya za simu,
katibu kata aliyekula saruji ya shule (huyu miiba minne),
na ng'ombe mmoja, kwa bahati mbaya.

Barua ya Dadi ilikuja kwa ndege hadi Mtwara,
ikapanda mlima ndani ya mkoba wa nesi.
Somoe akaifungulia mlangoni, akasoma kwa kelele:
"Nungu amekufa!"

Kwa Kimakonde cha Bibi, Nnungu ni Mungu.
Alikuwa anamimina maji, maji ya bondeni,
yaliyopandishwa kichwani tangu alfajiri,
nusu ndoo ikaenda sakafuni.
"Nani kasema?"
"Dadi, Bibi."
"Dadi huyu wa Kariakoo? Yeye alikuwepo?"

Mpaka isha tulikuwa tunaeleza:
ni mnyama, hapana, ni mtu mwenye miiba,
wa kuchorwa, wa shilingi mia.
"Wa kuchorwa," akasema, "na maji yangu yamemwagika."
Akaingia kulala. Taa imeshazimwa, akauliza kutoka ndani:
"Huyo wa kuchorwa, ana mama?"

Mei zikafika nakala tatu kwa mji mzima,
mezani kwa Hokororo mshona viatu,
anayekodisha kwa kusimama, hela yako mkononi mwake.
Mfaume alilipa kwa ndoo mbili za maji.
Tulisoma watu tisa, vichwa vimegusana,
na wa nyuma wakisema, "Usifungue, usifungue bado."

Ukurasa wa mwisho haukuwa na neno.
Mwiba wa mwisho ameuzibia tundu la tangi,
mji umelala, hakuna anayejua.
Naye kifudifudi kwenye lami,
na kwa mara ya kwanza tukauona mgongo wake,
mtupu, laini,
kama wa mtoto aliyetoka kuogeshwa.

Somoe alilia. Hokororo alijifanya anatafuta sindano.
Mfaume alitoa daftari.
Akahesabu. Akalamba kidole, akahesabu tena.
"Mia mbili tisini na nane," akasema.
"Nini?"
"Amefia na miwili. Hawakuichora."

Aliandika kwa Sanduku la Posta, karatasi nne,
na orodha yote, hata ng'ombe.
Alisubiri kiangazi kizima. Hawakujibu.
Toleo la mia na moja likaja na binti yake,
miiba mipya mia tatu inameremeta.
Wengine tulinunua, sikatai.
Mfaume hakufungua daftari jipya.

Leo ni karani wa mizani, chama cha msingi.
Msimu wa korosho foleni inafika barabarani,
jua la Oktoba, watu wamekaa juu ya magunia yao.
Mwenye gunia anasema mia. Mzani unasema tisini na nane.
Wengine wangeandika, wakaita anayefuata.
Yeye analishusha, anapangusa bamba kwa kiganja,
anakagua mshono, anapandisha tena.
Foleni inaguna.
"Ngojeni," anasema, bila kuinua uso,
"kuna mbili hapa hazijaonekana."